SISTA IRENE STEFANI: MUUGUZI ALIYEPANDA NA KUSHUKA MILIMA YA NYERI

Kariokor unaijua. Ukitoka River Road ukafuata Racecourse Road mpaka sokoni, pale kwenye vyondo, viatu vya ngozi na nyama choma, ushafika. Lakini je, ushawahi kujiuliza jina hilo lilitoka wapi? Si Kikuyu, si Kikamba, wala si Kiswahili cha asili. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jina likasagwa na ndimi za watu mpaka likawa Kariokor. Ndugu zetu wa Dar es Salaam nao wana Kariakoo yao, na asili ni hiyo hiyo moja.

Nakuanzia hapo kwa sababu huyu mama ninayetaka kukusimulia alijifunza uuguzi miongoni mwa hao wapagazi, kabla hajaenda kukaa miaka kumi kwenye milima ya Nyeri. Jina lake ni Sista Irene Stefani, mtawa wa Kikatoliki kutoka Italia. Najua kuna atakayekunja uso: mtawa, tena mwezi wa Ramadhan? Ngoja kwanza. Sisi tuliopita madrasa tunamjua Rufaida Al-Aslamiyya (r.a.) aliyewauguza majeruhi ndani ya hema pale Madina, na tunajivunia habari zake. Basi mwenye kujivunia uuguzi hana budi kuutambua hata akiuona kwa jirani. Na kwa huyu jirani kuna jambo ambalo sisi hatutakubaliana nalo, nami sitalificha, nitalifikia.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, mkoa wa Brescia, kaskazini mwa Italia. Mahali penyewe ni bondeni, kando ya ziwa, milima imezunguka kila upande. Kwao walimwita Mercede. Nyumba ilikuwa na watoto kumi na wawili, ingawa si wote walioishi, na mama yao alipofariki yeye akiwa binti wa miaka kumi na sita tu, malezi ya wadogo zake yakamwangukia. Kupika, kufua, kukesha na mgonjwa, yote hayo aliyajua kabla hajavaa joho la utawa. Mwaka 1911 alijiunga na masista wa Consolata mjini Turin, shirika ambalo padri Giuseppe Allamano alikuwa amelianzisha mwaka mmoja tu nyuma, mahsusi kwa kazi ya misheni Afrika. Akapewa jina la Irene. Mwisho wa 1914 akapanda meli, na Januari 1915 akateremka Mombasa.

Tazama tarehe hizo vizuri. Vita vilikuwa vimeanza Agosti 1914. Mwingereza alikuwa Kenya, Mjerumani alikuwa Tanganyika, na wakubwa hao wawili walipigana kwa miaka minne juu ya ardhi yetu na kwa migongo ya watu wetu. Ndio, migongo. Huku kusini hakukuwa na barabara za magari, na wanyama wa kubeba mizigo waliuawa na mbung'o. Risasi, unga, mahema, dawa, hata mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, vyote vilipanda juu ya vichwa na mabega ya Waafrika. Mwanzoni watu walishawishiwa, baadaye wakachukuliwa tu. Mwaka 1917 serikali ilifanya msako mkubwa, machifu wakaagizwa kutoa vijana kwa idadi, na vijiji vya Ukikuyu, Ukambani na Nyanza vikabaki na wazee, wanawake na watoto. Kwa jumla Waafrika waliopitia kazi hiyo upande wa Waingereza wanahesabiwa kufika milioni moja. Waliokufa, wanahistoria wengi wanakisia, walikaribia 100,000.

Na hebu usidhani waliuawa na risasi. Wengi wao waliuawa na tumbo. Mtu aliyezoea viazi, ndizi na maharagwe anapewa unga wa mahindi, hana sufuria ya maana, hana kuni kavu wala muda wa kupika, anaula nusu mbichi siku baada ya siku, maji ni ya dimbwi. Kuhara damu kunamshika. Juu yake malaria, homa ya mapafu, homa ya uti wa mgongo, na funza miguuni. Kisha anaambiwa anyanyue mzigo wa kilo ishirini na tano atembee.

Hao ndio wagonjwa wa kwanza wa Sista Irene. Kuanzia 1916 masista wa Consolata walipelekwa kwenye hospitali za wapagazi, naye akaanzia Voi, baadaye Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Neno hospitali lisikudanganye. Yalikuwa mabanda marefu ya makuti na mahema, watu mamia kwa mamia wamelala chini au kwenye vitanda vya miti, wengine wawili wawili. Harufu peke yake ilitosha kumrudisha mtu mlangoni. Wasaidizi wengi walikuwa watu waliolazimishwa kazi ile, wamechoka, na mpagazi aliyelala pale kwao alikuwa namba tu iliyoandikwa kwenye kibati.

Kazi yake ilikuwa ipi? Sio upasuaji, hakuwa daktari. Kazi yake ilikuwa kuosha vidonda vilivyooza, kubadilisha vitambaa, kumpa maji mtu asiyeweza kushika kikombe, kumlisha kijiko kwa kijiko, kumgeuza ubavu, kumsafisha aliyejichafua. Kazi ambayo hata nyumbani kwetu, tuseme ukweli, mgonjwa akiwa ni babu yetu wenyewe, kila mmoja anamtazama mwenzake nani ataanza. Yeye aliifanya kwa watu ambao hata lugha zao alikuwa ndio anajifunza. Alijua Kikuyu kidogo alichookota Nyeri, Kiswahili akakipatia wodini. Aliwauliza majina yao na kwao ni wapi, manake mgonjwa aliyeitwa kwa jina lake hugeuka akakutazama.

Kuna kisa kimoja cha Kilwa kinachosimuliwa na masista wenzake. Maiti za siku zilikuwa zikibebwa jioni kupelekwa ufukweni. Alirudi wodini akakuta kitanda cha mgonjwa mmoja kitupu, akaambiwa ameshakufa na keshapelekwa. Hakuamini. Akateremka ufukweni peke yake, akapekua kati ya maiti mpaka akamkuta yule mtu, pumzi ingalimo. Akamrudisha.

Sasa tulifikie lile jambo. Sista Irene hakwenda Kilwa kuuguza tu. Alikwenda pia kubatiza, na aliwabatiza wengi waliokuwa katika kukata roho, kwa maelfu. Kwa imani yake hilo ndilo lililokuwa tendo kubwa kuliko bandeji zote. Sisi hatuwezi kulipita hilo kimyakimya. Mtu aliye hoi kwa homa, mbali na jamaa zake, hajui kesho, mkono pekee unaomshika ni wa huyo anayemhubiria, je, ana nafasi gani ya kupima na kuchagua? Dini kwetu haina kulazimishana, na mgonjwa wa aina ile, ingawa hakufungwa kamba, hakuwa huru kama wewe na mimi tulivyo huru. Mimi nasema hapo nampinga, na ningempinga hata kama angekuwa Mwislamu anayefanya vivyo hivyo kwa mgonjwa wa dini nyingine. Kuna ndugu zetu wanaochukua hoja hiyo wakaenda nayo mbali zaidi, wakasema basi kila kijiko cha uji alichotoa mmisionari kilikuwa ni chambo. Mie siwezi kufika huko, na sababu yangu utaiona tutakapofika mwaka 1930.

Vita vilikwisha Novemba 1918, na mwaka 1920 akapelekwa Gikondi, kule Mukurwe-ini katika wilaya ya Nyeri. Hapa ndipo alipoishi mpaka kufa.

Kwa wewe usiyepajua: Gikondi iko kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, na nchi yote ni migongo ya milima na mabonde yaliyobanana kama mikunjo ya kanzu isiyopigwa pasi. Jirani yako yuko mgongo wa pili, unamwona akichoma majani shambani, sauti yake unaisikia, lakini kumfikia ni kushuka mpaka mtoni, kuvuka juu ya gogo, na kupanda tena upande wa pili. Mvua za Aprili zikinyesha udongo ule mwekundu unakuwa sabuni. Leo magari ya Nyeri yanapakia mitaa hii hii ya kwetu katikati ya jiji na unafika kwa saa chache. Wakati ule hata ukiwa ushafika misheni, safari ndio kwanza inaanza.

Mchana alifundisha shuleni. Vipindi vikiisha alivaa viatu vyake vikubwa, mabuti hasa, akachukua mkoba wa dawa na kuanza kupanda na kushuka. Watu wanamkumbuka kwa mwendo wa haraka, nusu anakimbia. Picha zake zinazochorwa siku hizi haziachi kumwonyesha na yale mabuti. Aliingia nyumba kwa nyumba, na hizo ni nyumba za duara zenye moshi na mbuzi ndani, akakaa chini, akauliza nani anaumwa. Palikuwa na buba, funza, kuhara kwa watoto, vifua vya baridi ya mlimani, macho mekundu kwa moshi, wazazi walioshindwa kujifungua. Dawa zenyewe zilikuwa chache. Kikubwa alichokuwa nacho ni maji safi, sabuni, kitambaa, na kule kurudi tena kesho yake kutazama.

Hapo kwenye kurudi ndipo penye uuguzi wa afya ya jamii. Hospitali hungoja mgonjwa abebwe, na mgonjwa wa Gikondi alibebwa akiwa keshachelewa, kama alibebwa. Muuguzi anayezunguka anamkuta mtoto siku ya pili ya kuhara, siyo ya saba. Anajua nyumba gani ina mjamzito na nyumba gani mzee amelala peke yake. Serikali ya kikoloni ilikuwa na madaktari wachache mno kwa mamilioni ya watu wa mashambani, na masista hao wa Gikondi na wa misheni nyingine waliziba pengo ambalo kodi ya vibanda ilitakiwa ilizibe. Kodi ilikusanywa bila kukosa.

Desturi moja ya wakati ule ilimpa kazi ya pekee. Kwa Wakikuyu wa zamani maiti ndani ya nyumba ilileta thahu, yaani najisi nzito iliyohitaji kutakaswa kwa kafara. Kwa hivyo mgonjwa aliyeonekana hapiti usiku mara nyingi alitolewa nje ya boma akawekwa mwituni, akaachiwa moto kando yake. Usiwahukumu haraka. Kila taifa lina hofu zake juu ya kifo, na watu walioogopa najisi walikuwa wanawalinda walio hai. Sista Irene aliposikia kuna mtu ametolewa alikwenda, hata usiku, akakaa naye, na kama pumzi iliruhusu akamfanyia mpango wa kubebwa hadi misheni. Baadhi yao walipona wakarudi kwao na miguu yao wenyewe. Watoto wachanga waliofiwa na mama nao aliwaokota vivyo hivyo.

Wakampa jina: Nyaatha. Tha kwa Kikuyu ni huruma, na Nyaatha ni kama kusema mama wa huruma. Wakikuyu hawakuwa watu wa kugawa majina mazuri ovyo kwa Wazungu wa enzi hizo, wengi walipewa majina ambayo kama wangeyaelewa wangekasirika.

Kuna jambo dogo ambalo mimi linanigusa zaidi ya mabuti, labda kwa sababu naishi huku mjini. Kuanzia 1920 kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alitakiwa kubeba kipande shingoni, na kodi ikawasukuma vijana wa milimani kuja Nairobi na Mombasa kutafuta mshahara. Walikaa Pangani, Pumwani, Kariokor. Mama zao kule Gikondi hawakujua kusoma. Sista Irene alikaa na mama, akasikiliza, akamwandikia mwanawe barua: ng'ombe amezaa, baba yako kifua kinamsumbua, mbona umenyamaza. Na jibu likija alilisoma kwa sauti mlangoni pa nyumba. Usiku, kazi zote zikiisha, alikuwa bado anaandika. Wewe uliye na mzazi shambani na simu mfukoni unajua barua kama ile ilikuwa na uzito gani, na huenda unajua pia ni lini mara ya mwisho ulipiga.

Miaka ya mwisho haikuwa shwari. Mwaka 1929 ugomvi wa tohara ya wasichana ulizitikisa misheni za Uskoti na za Waprotestanti wengine, shule zikahamwa, watu wakaanzisha zao. Wakatoliki hawakuwataka waumini wao watie sahihi kiapo cha kuiacha desturi hiyo, kwa hivyo moto haukuwachoma sana. Lakini Mzungu wa misheni alianza kutazamwa kwa jicho jingine. Katika hali hiyo yeye aliendelea kuzunguka.

Septemba 1930 alikwenda Nyeri kwa siku za mafungo ya kiroho, akarudi Gikondi. Oktoba ikaja na tauni.

Tauni ni ugonjwa wa panya, viroboto wake ndio wanaoupeleka kwa mtu. Panya hufuata ghala, na kila boma lilikuwa na ghala ya nafaka. Sisi wa Nairobi tuna historia nayo: mwaka 1902 serikali ilichoma moto soko la Wahindi kwa ajili ya tauni. Ukiingia kwenye mapafu ugonjwa huo haungoji kiroboto tena, unapita kwa pumzi na kikohozi, na mgonjwa hana siku nyingi. Dawa za kuua vijidudu vyake hazikuwepo kabisa mwaka 1930, streptomisini ilikuja kugunduliwa 1943. Kumwuguza mtu wa namna hiyo kwa karibu, bila barakoa, kulikuwa ni kujua unachokifanya.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule ya hapo hapo. Kwa simulizi za watawa, mwalimu huyu alikuwa na chuki naye, alikuwa amempinga na kumvunjia heshima shuleni mpaka akachukua nafasi yake ya kufundisha. Angeweza kumtuma mtu mwingine, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikwenda mwenyewe, tena na tena, akamshika, akamsafisha, akakaa naye hadi mwisho.

Hapa ndipo nilipokuahidi sababu yangu. Mwalimu yule alikuwa tayari ni mtu wa misheni. Hapakuwa na wa kubatizwa, hapakuwa na idadi ya kuandika kwenye ripoti ya kupeleka Turin, wala umati wa kushuhudia. Alikuwepo mgonjwa ambaye hakumpenda muuguzi wake, na muuguzi akakaa. Chambo hapo kiko wapi? Tena sote tulisoma mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kuhusu tauni, kwamba ikiwa katika nchi usiingie, na ukiwa umo usitoke kuikimbia, na tunajua namna Khalifa Umar (r.a.) alivyogeuza msafara wake njiani kuelekea Sham tauni ya Amwas ilipotangaa. Huyu mama alikuwa tayari yumo. Hakutoka.

Aliugua siku chache baada ya hapo, akafariki tarehe 31 Oktoba 1930, umri wake miaka thelathini na tisa. Walimzika Nyeri. Watu wa Gikondi waliteremka na kupanda ile migongo kwenda kumlilia, na jina la Nyaatha likapewa watoto wa kike.

Tarehe 23 Mei 2015 Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenyeheri, daraja moja chini ya utakatifu kwa hesabu yao, katika ibada iliyofanyika Nyeri kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Aliyeiongoza ni Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tendo hilo kufanyika katika ardhi ya Kenya. Habari za miujiza walizozitegemea ni za imani yao, nawaachia wenyewe. Mabaki yake sasa yamo ndani ya kanisa kuu la Nyeri.

Na wale wagonjwa wake wa kwanza? Pale Kenyatta Avenue kuna masanamu matatu ya shaba, yaliwekwa mwaka 1928, na mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, kwa hivyo hata aliyesoma madrasa peke yake anaweza kuyasoma. Majina ya watu hayapo. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri hadharani kwamba makumi ya maelfu ya Waafrika waliokufa katika vita vile hawakuwahi kuandikwa majina yao kama walivyoandikwa Wazungu, ikaomba msamaha, na kazi ya kuwatafuta kwenye makaratasi ya zamani ikaanza. Wengi walizikwa Voi, Kilwa na Lindi, kwenye mchanga ule ule ambako Sista Irene aliwauliza wanaitwa nani.